Mizinga ya Saa Kumi na Mbili

Baba Mwalimu alikuwa ameinamia redio ya jirani, bisibisi ameiuma kwa meno, binti yake alipoingia na barua mkononi huku akicheka peke yake. Binti huyo alikuwa mwalimu wa hesabu na si mtu wa kucheka ovyo, kwa hiyo hata mama yake alisimamisha cherehani.

"Tuambie basi," mama alisema. "Wamekupandisha cheo?"

"Zaidi hata ya cheo. Baba, kaa vizuri."

"Nimekaa," mzee alijibu kwa taabu, bisibisi ikiwa bado mdomoni.

Binti akasoma kwa sauti yake ya darasani. Jeshi la wanamaji lilikuwa limewaomba wananchi walete kumbukumbu za askari wa zamani waliosherehekea Sikukuu ya Uhuru wakiwa kazini baharini. Zilipokelewa insha mia mbili na kitu. Moja imechaguliwa isomwe Jumamosi, siku ya sikukuu yenyewe, kambini, mbele ya wakubwa wote wa jeshi, na redio ya taifa itatangaza.

"Ni yangu," alisema. "Yaani ni yako, baba. Ile hadithi yako ya mizinga. Niliandika bila kukuambia kwa sababu najua ungekataa."

Bisibisi ilianguka ikabingirika chini ya meza. Hakuna aliyeiokota.

"Na nani atakuwepo huko?" mzee aliuliza.

"Wenzako wa meli, wale walio hai. Na nahodha wako pia! Wameandika hapa kwamba amethibitisha kufika. Baba, mnakwenda kuonana baada ya miaka mingapi?"

"Mimi mguu unaniuma," alisema Baba Mwalimu.

"Tangu lini?" mkewe akauliza. "Asubuhi hii hii ulipanda juu ya paa kurekebisha antena."

Mzee aliinuka, akaenda kunawa mikono uani, akakaa huko muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji.

Mtaa mzima uliijua hadithi yenyewe. Meli yao ilikuwa peke yake katikati ya bahari, siku ya tano bila kuona nchi kavu. Meli nyingine zote za jeshi zilipiga mizinga ishirini na moja saa sita mchana, sambamba na sherehe kuu za mji mkuu. Yao haikungoja. Nahodha, kwa mapenzi yake kwa nchi, aliamua kuupokea Uhuru pamoja na jua, akapiga mizinga saa kumi na mbili asubuhi. Binti aliisikia angali ananyonya kidole, na tangu awe mwalimu aliisimulia darasani kila mwaka, mwaka wa kumi na tisa sasa, akimalizia kwa kuwaambia watoto, "Huyo ndiye kiongozi." Yote ilikuwa kweli isipokuwa hapo pa nahodha kuamua. Nahodha hakuamua kitu. Na mtu aliyelijua hilo kuliko wote alikuwa amesimama uani akisugua kucha zilizokwisha kutakata.

*

Alhamisi mchana mkewe alimsimamisha katikati ya chumba akamvalisha sare nyeupe ya zamani. Suruali ilipanda hadi mapajani, ikagoma.

"Enzi hizo ulikuwa unakula nini, upepo?" alimtania huku akichomoa pini kwenye ukosi wa gauni lake. "Nitaweka kipande nyuma. Ukivaa koti hakuna atakayeona."

"Usihangaike. Siendi."

"Utakwenda. Mtoto ameshaiambia shule nzima."

"Ndiyo maana siendi."

Mkewe aliacha kupima akamtazama usoni. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa alikuwa amejifunza kutofautisha ukaidi wa mume huyu na hofu yake, na hii ilikuwa hofu. "Umefanya nini?" akauliza taratibu.

Basi alimwambia, amesimama vile vile, suruali ikiwa nusu.

"Mwaka ule makao makuu walikuwa wametoa amri kwamba ujumbe wote sasa uandikwe kwa Kiswahili. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye redio. Ukaja ujumbe: meli zote, popote zilipo, pandisheni bendera zote, pigeni mizinga ishirini na moja, saa 12 kamili. Basi. Tarakimu mbili, moja na mbili."

"Saa kumi na mbili."

"Unaona? Hata wewe umesoma hivyo. Lakini yule aliyeandika alikuwa na saa za kizungu kichwani. Kumi na mbili yake ndiyo saa sita yetu ya mchana."

Mkewe alianza kucheka. Alijiziba mdomo kwa tepu ya kupimia, haikusaidia. "Hilo kosa la makao makuu! Wewe lako liko wapi?"

"Ujumbe haukusema asubuhi wala jioni. Mtu wa redio akipata ujumbe nusu, kazi yake ni kuuliza. Ndicho nilicholipwa kufanya. Lakini nilikuwa mdogo kuliko wote melini, nikaona nikiuliza watasema huyu hata saa hajui. Nikajiambia, jioni giza linaingia, bendera hazitaonekana, basi ni asubuhi. Nikachukua kalamu nikaongeza neno. Asubuhi. Neno hilo halikutoka makao makuu. Lilitoka kwangu."

"Mkapiga."

"Yote ishirini na moja. Saa sita mchana makao makuu wakaita kwenye redio, mbona nyie kimya? Hatukuwa tena na baruti ya kupigia mizinga ya heshima, hata kidogo. Nahodha akaja mwenyewe chumba cha redio. Akaiomba karatasi yangu, akasoma ujumbe ulivyokuja, akalitazama lile neno nililoongeza, akaikunja akaitia mfukoni. Akaniamuru nitume hivi: meli yangu imepiga mizinga saa kumi na mbili asubuhi, kwa amri yangu mwenyewe. Akaandika hivyo hivyo kwenye kitabu cha meli. Halafu akaniambia, endelea na kazi. Hajaniambia neno jingine mpaka leo."

Mkewe alikuwa ameacha kucheka. "Na yeye wakamfanyaje?"

"Walimhoji miezi mitatu. Wenzake wakapanda vyeo mpaka wakavaa nyota. Yeye alistaafu na cheo kile kile alichokuwa nacho asubuhi ile. Na sikwenda kumshukuru, maana kumshukuru ni kukiri. Nikaja kukuchumbia, mama yako akaniuliza habari za baharini, nikamwambia nahodha aliamua. Nikishamwambia hivyo mama mkwe, ningerudije nyuma?"

"Mwambie mtoto kabla hajasoma."

"Nitamwambia kesho."

Kesho yake alikwenda kweli. Alimkuta binti amesimama mbele ya kioo cha kabati, anajifunza kusoma. "Baba, umekuja wakati mzuri! Nisikilize hapa pa nahodha." Akasoma, na alipofika kwenye neno "aliamua" uso wake uliwaka kwa fahari hivi kwamba baba yake hakupata pa kuanzia. Alimwambia asisome haraka, akatoka. Alijichukia njia nzima kutoka chumbani mpaka sebuleni, ambayo ilikuwa hatua saba.

*

Langoni mwa kambi kulikuwa na askari wa zamu, dada mmoja mwenye buti za kung'aa na karatasi ndefu ya majina.

"Mwalimu, nimekuona. Na mgeni wako mmoja."

"Wazazi wangu ni wawili," binti alisema. "Na huyu ndiye mwenyewe. Hadithi ni yake, meli ilikuwa yake."

"Nakuelewa, dada yangu. Lakini hapa nimeandikiwa mgeni mmoja."

"Basi nibaki mimi," Baba Mwalimu alisema, akiwa na matumaini makubwa mno. Mkewe akamfinya kiunoni, pale pale alipoweka kipande.

Majadiliano yalichukua robo saa. Mwishowe mama akaandikishwa kama msaidizi wa mgeni, na mgeni akabandikwa kifuani kadi iliyoandikwa MGENI kwa herufi kubwa. Alikuwa amepita kwenye lango lile miaka ishirini na miwili bila kuulizwa na mtu. Aliitazama ile kadi juu ya sare yake nyeupe, akainyoosha isikae upande.

Turubai lilikuwa limefungwa kwenye uwanja unaotazama maji. Mbele kulikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa, ya wakubwa waliopo na waliostaafu na nyota zao. Nyuma kulikuwa na viti vya plastiki vya askari wazee. Fundi Mashine, ambaye masikio yake yalikuwa yamebaki chumba cha mashine, alimpokea kwa kelele. "MTU WA REDIO! BADO UPO HAI?" Mpishi wa meli alimkumbatia mpaka kadi ikapinda. Na mwisho wa safu ile ile ya plastiki, peke yake, ameweka kofia juu ya magoti, alikaa nahodha.

Alikuwa mrefu vile vile. Koti lake lilikuwa safi sana, mikono yake imechakaa kwenye ncha, na mtu aliyeishi na fundi cherehani hakosi kuona kwamba ukosi ulikuwa umegeuzwa ndani nje ili udumu. Mbele yake kwenye makochi walikaa watu waliowahi kumpigia saluti. Baba Mwalimu aliyaona yote hayo kwa mpigo mmoja. Hakumsogelea. Alikaa viti vinne mbali, akajificha nyuma ya bega la Mpishi.

*

Binti alisoma vizuri. Hakusoma haraka.

Alisoma jinsi bahari ilivyotulia asubuhi ile kama maji ndani ya beseni, na mabaharia mia moja na kumi wamejipanga kandokando ya sitaha, wote weupe, hakuna anayekohoa. Nahodha alikuwa ameamuru mashine izimwe. Bendera zilifungwa kwenye kamba moja, kutoka omo, mbele kabisa ya meli, hadi kilele cha mlingoti na kutoka hapo hadi tezi, nyuma kabisa, nazo zilining'inia tu, hazina uhai. Halafu ukingo wa jua ukachomoza, na upepo ukaja nao. Bendera zote zikafunguka kwa wakati mmoja. Hakuna aliyewahi kuona rangi nyingi hivyo zikizaliwa kwa sekunde moja, na wale waliokuwepo, wazee sasa, walisahau viti vya plastiki na kuinua nyuso kama wanaziona tena juu ya turubai.

Mzinga wa kwanza ulilia. Bandarini mzinga ukilia, vilima na majengo hurudisha sauti. Kule hapakuwa na kitu cha kuirudisha. Sauti iliondoka melini ikaenda, ikaendelea kwenda, mtu akiisikiliza mpaka asijue tena kama anasikia au anakumbuka. Ukafuata wa pili. Moshi ulitoka mweupe, ukashika jua, ukawa mwekundu, ukaelea juu ya maji bila kutawanyika. Kufikia mzinga wa kumi watu wazima wenye misuli ya kamba walikuwa wanalia wazi, na hakuna aliyemwonea mwenzake haya. Saa hiyo ndipo zamu zilipobadilishana, na kwa kuwa mashine ilikuwa imezimwa, watu wa chini walipanda wote, weusi kwa mafuta, wakasimama nyuma ya wale weupe. Kwa mbali meli ya mizigo ya nchi nyingine ilikuwa inapita. Ilipunguza mwendo, ikashusha bendera yake nusu na kuipandisha tena, ikapiga honi moja ndefu. Ilikuwa inaisalimu nchi yao. Vijana wale hawakuwa wamewahi kuwaza kwamba nchi yao inaweza kusalimiwa na mtu asiyeijua, mahali ambapo hapana hata jiwe lake moja. Mzinga wa ishirini na moja ulipokwisha, wakaimba wimbo wa taifa bila kuamriwa, na bahari yote ikawa yao.

"Nahodha angeweza kungoja saa sita kama wengine," binti alimalizia. "Lakini aliamua. Huyo ndiye kiongozi."

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Mshereheshaji akaita kwa furaha, "Na nahodha mwenyewe tunaye! Afande, simama tukuone!"

Nahodha akasimama pole pole. "Imesomwa sawasawa," alisema.

Mmoja wa wakubwa waliostaafu, mtu mnene mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, aligeuka kwenye kochi lake. "Huyu tunamjua! Amri ya nchi nzima saa sita, yeye na saa zake. Angenyamaza akafuata amri, leo angekuwa amekaa na sisi huku mbele!"

Makochi yakacheka. Nahodha naye akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kuucheka mzaha huo mara nyingi, akaanza kukaa.

Kicheko hicho cha adabu ndicho Baba Mwalimu alichoshindwa kukivumilia. Angevumilia aibu yake. Angevumilia hata hasira ya binti. Alijikuta wima.

"Haikusomwa sawasawa," alisema.

Pale mbele binti aliinua kichwa. Mshereheshaji aliisoma ile kadi ya kifuani. "Mzee mgeni, tafadhali, tuna ratiba..."

"Mimi si mgeni. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye redio ya meli ile." Hakuwa na kipaza sauti wala hakukihitaji. "Nahodha hakuamua. Ujumbe ulikuja nusu, mimi nikaogopa kuuliza, nikaongeza neno. Asubuhi ni neno langu. Yeye alitii karatasi niliyompa. Tulipoulizwa, akabeba kosa yeye. Mmemcheka sasa hivi kwa kosa langu, na mmemkalisha huku nyuma kwa kosa langu."

Fundi wa redio ya taifa alimtazama mkubwa wake. Mkubwa wake hakumpa ishara yoyote, kwa hiyo matangazo yaliendelea, na shule nzima ya binti ikawa inasikia.

"Mwanangu, nisamehe," mzee alisema. "Nilipaswa kukuambia. Nilikuja jana nikashindwa."

"Miaka kumi na tisa, baba," binti alisema. Hakukusudia kusema kwa sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa mbele yake, na kila mtu alisikia jinsi alivyoumia. "Nimewafundisha watoto wa watu."

Baba Mwalimu alimgeukia nahodha, akakakamaa, akapiga saluti. Kipande cha nyuma kilishikilia. "Afande, nimechelewa sana. Ahsante."

Nahodha hakurudisha saluti. Alinyoosha mkono aletewe kipaza sauti.

"Shusha mkono, kijana," alisema. Kijana alikuwa na miaka sitini na minne. "Wewe umeishi ukidhani nilikuficha wewe?"

"Ndiyo, afande."

"Sikukufikiria hata kidogo. Nilikuwa na hasira na wewe, ningekutupa baharini." Watu walicheka kwa woga. Yeye hakucheka. "Nilishika kalamu niandike kwenye kitabu cha meli. Ukweli ulikuwa mfupi: mtu wa redio amekosea. Nikiandika hivyo, kitabu kinasema kwamba yaliyotokea asubuhi ile yalikuwa makosa. Mimi nimeadhimisha Uhuru jeshini mara ishirini na sita. Nimeusikia kwenye hotuba, nimeupigia gwaride. Kuuona, nimeuona mara moja. Nilikuwa nimetoka kuwaona watu mia moja na kumi wakiuona pamoja nami. Mkono ulikataa kuandika makosa. Nikaona bora yawe makosa yangu kuliko yawe makosa."

"SAA SITA MCHANA NI ZAMU YANGU!" Fundi Mashine, ambaye Mpishi alikuwa akimrudia kila neno sikioni, alipaza sauti ghafla. "MIAKA KUMI NA MINANE KILA SIKUKUU NIKO CHINI! ULE NDIO UHURU PEKEE NILIOUONA KWA MACHO YANGU!"

"Mwacheni aseme," alisema nahodha. "Na cheo nilikitaka, msinifanye malaika. Mke wangu alikitaka zaidi. Walinihoji miezi mitatu, na kila siku niliingia nikisema leo nawaambia. Lakini nikifungua mdomo naisikia ile sauti inavyokwenda, haina pa kugota. Nafunga." Alirudisha kipaza sauti. "Nimemaliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mtu mnene alikuwa anatazama vidole vyake. Upepo uliinua kingo za turubai ukaziacha.

Binti aliziacha karatasi zake pale mbele. Alipita katikati ya makochi bila kuomba radhi, akaja mpaka kwenye viti vya plastiki. Mama yake akaondoa mkoba kwenye kiti. Binti hakukikalia. Alichuchumaa mbele ya baba yake, macho mekundu, bado ana hasira, akaibandua ile kadi ya kifuani akaiweka chini.

"Sasa nisimulie," alisema. "Ilivyokuwa."

Mzee aliangalia huku na huku, kama anatafuta mahali alipozoea kuanzia. Halafu akaacha kutafuta.

"Nilikosea," alianza.

Nahodha akainua kiti chake, akakisogeza karibu asikie vizuri.